Mwanangu, hiyo draiva ngoja kwanza

Mwanangu, hujambo. Mamako ameniambia umenuna, ati wenzako huko shule wamekucheka sababu unacheza gofu kwa uwanja wa par-three, ule wa mashimo mafupi tu, kwamba hiyo si gofu, ni ya watoto na wazee. Nikaona nikuandikie kabla hujaanza kuniomba draiva, kile chuma kirefu cha kupiga mbali, maana nakujua.

Hebu tupige hesabu. Par ni idadi ya shoti za kumaliza shimo. Par tatu ni shoti moja ya kufika kwa grini, yale majani mafupi yaliyozunguka shimo, halafu pata mbili, zile shoti za kuusukuma mpira shimoni, umalize, kwa hiyo mashimo yetu tisa ni 27. Sasa nenda kwa uwanja mkubwa wa mashimo 18, par 72, kule nako unahesabiwa pata mbili kila shimo, hizo ni 36, nusu ya mchezo mzima iko pale kwa grini, na hiyo draiva inayowatia kiburi inatoka kwa begi kama mara 14 basi.

Hata Mombasa Golf Club, iko tangu 1911, mashimo ni tisa tu, pale juu ya jabali Mama Ngina, meli za Kilindini zinapita hapo chini unaziona, na sijasikia mtu akiiita ya watoto.

Na binamu yako wa Nairobi umemsahau? Alishuka na treni ya SGR na begi limejaa, vyuma vya kupigia vyote 14 mtu anavyoruhusiwa, akaniambia ami hapa mimi ni weji tu, chuma cha shoti fupi. Shimo la kwanza mpira ukafia mchangani, la pili pia haukufika, la tatu akaanza kulaumu mpira. Nairobi iko juu kama mita 1,700, hewa nyepesi, mpira unaenda wenyewe, huku tuko usawa wa bahari hewa nzito na chuma kile kile kinapungukiwa. Kwa shimo refu angefidia na shoti ya pili, kwa par-three hakuna pa kujificha, shoti ni ile moja na watu wanakutazama.

Halafu kuna upepo, na huu ndio nataka ukija tuushughulikie. Kaskazi si mbaya sana, lakini kusi ikishashika mwezi wa nne inatoka baharini na nguvu zake, lile shimo la mita 110 ulilozoea kupiga na aini tisa, yaani chuma namba tisa, linataka saba inayopiga mbali zaidi, tena usiupige kwa hasira, ukizidisha nguvu mpira unazunguka sana unapanda juu na ukipanda umekwisha, upepo ni wake. Shika chuma chini kidogo, swingi nusu, mpira uende chini chini. Na kwa grini angalia majani yamelala wapi, ukiyaona yanang'aa yanaelekea huko uendako, pata itakimbia, yakiwa meusi ongeza kidogo.

(Ukitia kwa shoti moja unajua desturi, ni wewe unanunulia watu vinywaji, kwa hiyo uje na akiba, mimi madafu ya uwanja mzima silipi.)

Shule ikifungwa njoo na kile chuma chako cha pata tu, weji nitakuazima. Tutakuwa tunaanza baada ya alasiri jua likipoa, mamako keshasema magharibi isitukute huko. Binamu yako naye anakuja, amepiga simu jana, safari hii ameuliza kwanza upepo ukoje.

Babako