Shoga, usitoe hela ya chama kwanza

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi toka Malindi. Mama anakusalimu, Bi Rehema naye kila tukionana ananiuliza utakuja lini. Sisi wazima alhamdulillahi, joto tu la kaskazi, hapa Shela hata feni haisaidii. Nilikuwa nikuandikie tangu wiki ile nikashikwa na mambo ya harusi ya kina Mwanahalima, lakini voisi yako ya juzi usiku imenikosesha raha, nikasema leo lazima.

Ati unataka kutoa pesa za chama ununue bastola mpya ya upepo, ile ya mchezo wenu wa kulenga shabaha? Zuhura, hebu ngoja. Zile picha za karatasi za shabaha ulizonitumia nimezikuza kwenye simu nikaangalia tundu moja moja. Karatasi za mwanzo ziko sawa kabisa, matundu yamekaa pamoja karibu na kumi, lile duara la katikati, halafu kuanzia ile ya nne yanaanza kuteremka, chini kushoto, chini kushoto, mpaka ya mwisho. Bastola ikiwa na kasoro ingekosea hata zile za mwanzo. Hapo ni mkono umechoka na kidole kinanyakua triga badala ya kuibana polepole, na wewe watumia mkono wa kulia, ukinyakua ni lazima iende huko huko. Hata ukinunua ya bei gani, kidole ni kile kile, na makaratasi ya leseni uanze upya.

Huu mchezo hauna huruma mwenzangu. Duara la kumi lina milimita 11.5 tu na wewe uko mita 10. Ile ncha ya mbele ya kulengea ikihama milimita moja tu kwenye mwanya wa nyuma unaoitazamia, kule kwenye karatasi risasi imeenda karibu sentimita tatu pembeni, yani ulikuwa unatafuta kumi umepata saba. Milimita moja! Na mechi ni risasi 60, ya hamsini inataka mkono ule ule wa risasi ya kwanza.

Sasa wewe unafanya nini, unangoja mwisho wa mwezi, unaenda renji, kule uwanja wa kulenga, unamaliza kopo zima la peleti, vile virisasi vyake, siku moja, unarudi bega linauma, halafu kimya mpaka mwezi mwengine. Hapo unaufundisha mkono kukosea, maana nusu ya zile risasi umezipiga umechoka. Wallahi ni bora dakika ishirini kila siku kuliko siku nzima mara moja.

Najua bastola inabaki stoo ya klabu, sawa. Chukua chupa ya lita moja ijaze maji, hiyo ni kilo, ndo kama uzito wa bastola yenyewe. Simama ubavu, mkono wa kushoto mfukoni, inua, pumua, toa pumzi kidogo, tulia, hesabu mpaka nane, shusha. Pumzika kisha rudia. Ukipita hapo pumzi inakatika na macho yanaanza kukudanganya, kwa hivyo ukiona haijatulia ishushe tu, usilazimishe. Kushusha bila kupiga nako kunafanyiwa mazoezi, na wewe hukufanyi, nakujua, ukishainua lazima upige.

Na ukifika renji usikimbilie peleti. Geuza karatasi upande mweupe, fyatua tupu kwanza, bila peleti, jicho lako liwe kwenye ncha ya mbele tu, uone kama inaruka triga ikikatika. Ikiruka, kidole hicho. Ukiweza ikabaki imetulia mara nyingi mfululizo ndo utie peleti, na chache.

Unamkumbuka yule Mturuki mlenga bastola wa Olimpiki ya Paris 2024, Yusuf Dikeç, mliyekuwa mnatumiana picha zake kwenye grupu? Watu waliona mkono mfukoni na fulana basi. Alikuwa na miaka 51 na ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano, alianza Beijing 2008, ndo akapata medali ya fedha na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Miaka yote hiyo katikati alikuwa anafanya nini kama si kuinua na kushusha?

Halafu wewe ndo mtu wa kukata tamaa? Wewe mchora hina? Ule mstari wako mrefu wa kutoka kiwiko mpaka kidoleni hautetemeki, na uliupata kwa kuchora mkono wa shangazi yako kila jioni mpaka akawa anasinzia. Mkono ni huo huo shoga.

Sasa niambie, mpini unaushika kwa nguvu gani, vidole vinakuwa vyeupe? Asubuhi ile ulikunywa kahawa? Na kocha aliziona hizo karatasi ama umezificha? Lile daftari langu la kuandika kila risasi nililokuachia bado unalo? Mashindano ni lini hasa, maana Fatuma ananiambia hivi na wewe vile? Na hela ya chama umeshaitoa? Kama bado niambie leo leo nipate kulala, na kama umeshaitoa irudishe kabla Mama Swabra hajafungua kitabu, nyumbani tutajua la kusema.

Nijibu kwa voisi, mama anataka kusikia sauti yako.

Saida