Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Tsavo

Mombasa, Julai

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum wa rahmatullahi wa barakatuh. Ama baada ya salamu, sisi sote hatujambo, na hofu yetu ni kwako tu. Barua yako ya kuitwa kazini, kuhesabu ndovu katika mbuga ya Tsavo, tuliiona kwenye simu ya kakako, tukaisoma, na bibi yako akataka asomewe tena polepole, hasa pale palipoandikwa kwamba kambi iko kaskazini ya mto Galana na kwamba simu haishiki. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kila tukipigiana simu, maneno huishia kwenye nauli na buti, na lile linalonikaa moyoni halipati nafasi.

Juzi usiku redio ilitangaza habari ya mtu aliyeuawa na ndovu upande wa Taita, alfajiri, akienda shambani kwake. Mamako aliinuka akaizima, na hakuna aliyesema neno mpaka tukalala. Usidhani nakuandikia ili nikurudishe nyuma. Umeipata kazi hii kwa jitihada yako, na nimekwisha kuridhia.

Jambo langu ni moja. Ukiwa mgonjwa, ukiwa umechoka, au ukiingiwa na hofu, sema. Useme saa ileile, kwa mkuu wako, wala usingoje aulize.

Najua utaliona ni jambo dogo. Lakini wewe umeajiriwa kwa msimu, kiangazi hiki tu, na mkataba unakwisha vuli ikianza kunyesha. Mtu wa mkataba wa namna hiyo hutamani aitwe tena mwakani, na kwa tamaa hiyo huficha kila kitu ambacho anadhani kitamharibia jina. Mimi nimekaa dirishani bandarini miaka mingi nikiandika majina ya vibarua wa siku, na nimeyaona hayo kwa macho yangu. Aliyevunjika kidole alitia mkono mfukoni. Aliyeumia mgongo ndiye aliyesimama wima kuliko wenzake, kwa kuwa alijua nyapara akimwona ameinama atamruka. Majina yao niliyaandika, wakapanda melini. Wapo ambao baadaye sikuwaona tena pale dirishani, wala sikuuliza.

Nawe unayo tabia hiyo tangu utoto. Yale ya Shimoni unayajua mwenyewe na sina haja ya kuyarudia. Nakukumbusha tu kwamba ulinyamaza mpaka usiku, na mguu ulikwisha kuvimba hata kifundo hakionekani.

Mzee jirani yetu, yule aliyekuwa askari wa wanyamapori, nilimweleza kazi yako tukiwa barazani baada ya Magharibi. Nilimwambia kuwa mtatembea porini katika mistari iliyonyooka, mkihesabu mavi ya ndovu na kupima kila rundo liko umbali gani kutoka kwenye mstari, na kwamba siku nyingine mtakaa garini karibu na maji mkipiga picha masikio ya kila ndovu, kwa kuwa mipasuko na matundu ya sikio ndiyo yanayomtambulisha huyu na yule. Nilijisikia nikieleza kwa madaha, kana kwamba kazi ni yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha kwa mkono jinsi walivyokuwa wakibeba kimfuko cha kitambaa chenye majivu, wakikitikisa kila baada ya hatua kadhaa ili waone upepo unaelekea wapi, kwa sababu ndovu hukunusa kabla hajakuona, na katika kichaka cha miiba wewe nawe humwoni mpaka umemkaribia mno. Akasema ukimwona dume anatokwa na majimaji baina ya jicho na sikio, na miguu yake ya nyuma imelowa mkojo, basi huyo ameingiwa na joto la kutafuta majike, hana subira, na kazi ya siku hiyo imekwisha. Nikamuuliza ni vijana wa aina gani waliomtia wasiwasi zaidi. Akanijibu bila kufikiri kwamba ni wale ambao hawakuomba hata mara moja msafara urudi.

Basi ukiona miguu inasita, mwambie askari aliye nawe kwamba umeogopa na unataka kurudi garini. Hakuna rundo la mavi lenye thamani ya kukufanya uone haya kusema hivyo. Na usitoke kambini kwa miguu peke yako, hata kwenda msalani usiku, bila tochi na bila mwenzako kujua.

Jua la huko nalo si hili letu lenye upepo wa kusi. Kichwa kikikugonga, ukapata kichefuchefu na mkojo ukawa na rangi nzito, acha kazi, kaa kivulini, unywe maji yenye chumvi na sukari. Lakini homa ya malaria nayo huanza kwa kichwa na kichefuchefu, kwa hivyo usijiamulie kuwa ni jua tu. Sema, upimwe siku hiyohiyo. Ni hivyo hivyo kwa nyoka. Bafe hulala kimya njiani na hasogei hata akisikia hatua, ndiyo maana watu humkanyaga. Ukihisi umechomwa na hukuona kilichokuchoma, usiseme moyoni kwamba ni mwiba. Watu wasikufunge kamba, wasikuchanje, wasinyonye jeraha. Ulaze mguu utulie na upelekwe Voi, ambako kutoka huko kambini ni mwendo wa saa nyingi, na kila dakika utakayonyamaza itaongezwa juu ya saa hizo.

Tena kuna hili ambalo huenda litakuingia zaidi, maana wewe ni mtu wa hesabu. Mtu aliyechoka huandika namba ambazo hakuziona. Hesabu ya wanyama ya nchi nzima ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280, na ukame wa mwaka uliofuata, baina ya Februari na Oktoba, ulitangazwa kuwa umewaua 205. Namba za namna hiyo zinategemea watu waliotoka wakaangalia, na wakaandika walichokiona. Katika ukame wa 1970 na 1971 Tsavo ilipoteza ndovu kwa maelfu, wengi wakiwa majike na watoto wao, kwa kuwa mama anayenyonyesha hakuweza kwenda mbali na maji na malisho ya karibu yalikuwa yamekwisha. Anayejua hayo leo anajua kwa sababu mtu fulani alikwenda akakagua mizoga ile mmojammoja. Ukificha ugonjwa ili usikose siku moja, utaharibu karatasi za siku tatu.

Sikukuambia nilivyofurahi ulipochagua masomo haya. Nadhani nilinyamaza, na mamako ananiambia nilinuna. Mwaka 2015 majani ya chai yaliyopakiwa hapa Mombasa yalifunguliwa Singapore, ndani yake mkakutwa tani 3.7 za pembe za ndovu, na Thailand nako walikamata nyingine mwezi uliotangulia, zimefichwa katika chai vilevile. Sisi watu wa bandari tulizisoma habari hizo tukiwa kazini, tukatazamana. Kwa hivyo nikisikia kwamba mtoto wa nyumba hii anakwenda kuwajua ndovu kwa masikio yao wakiwa hai, furaha ninayoipata sikuwa na maneno yake siku ile.

Hata hivyo limeniuma kwamba hutafika nyumbani kwanza. Treni inayokushusha Voi ndiyo hiyohiyo inayofika Mombasa, na bibi yako alikuwa amekwisha kukutandikia.

Mamako amekushonea mitandio ya rangi ya kaki, na anasema zile nguo zako za buluu na nyeusi uziache chuoni, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo. Ametia pia achari ya embe na papa mkavu. Nimembishia kuhusu papa, lakini hakunisikia. Ukivipokea vipeleke vyote jikoni kwa mpishi, usiache chakula hemani hata usiku mmoja, kwani harufu huwaleta fisi. Maji ya kambi yakiwa machache tayamamu, usione unyonge.

Sisi huku maji ya bomba yamekatika tena, tunanunua mitungi ya lita 20 kwa wenye mikokoteni. Kakako anapenda kumwambia bibi kwamba maji yetu hutoka Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, na bibi naye amekuagiza uwaambie watu wa huko wayafungulie. Bati la jikoni nimelibadilisha. Karo ya mdogo wako bado kidogo, lakini usitume chochote katika mshahara wako wa kwanza. Nunua buti zinazofunika kifundo, na ukizivaa zikakuchubua, hilo nalo ulitaje.

Kakako atakuwa stesheni ya Voi Jumamosi na mzigo wako. Kabla hujapanda treni nitumie namba ya mkuu wa kambi na ya ofisi yao ya Voi, na unijulishe gari la mahitaji hushuka mjini siku gani, ili nijue ni lini nitarajie habari zako. Siku hiyo ikipita kimya, nitapiga simu ofisini, na usinikasirikie.

Wasalaam,

Babako