Ouma, usingoje asubuhi

Njoro, Jumapili jioni

Ndugu yangu Ouma,

Salamu sana, wewe na Mama Akinyi na watoto. Sisi tu wazima, ila baridi ya Julai imetukamata vilivyo na Chebet bado anakohoa. Deni la barua yako ninalo tangu Pasaka, na pengine ningeendelea kulibeba kama si yale uliyoniambia juzi kwenye simu: kwamba punda wako Jabari alisusa chakula siku mbili, ukamwacha tu, akapona mwenyewe. Kabla sijakujibu, salio likaisha. Sijatulia tangu hapo, kwa sababu ya yaliyompata farasi wetu Nyota.

Unamjua alivyo mlafi. Jumanne ya wiki iliyopita, saa mbili usiku, nilipita bandani na tochi nikakuta pumba zake hazijaguswa. Nikasema ni baridi. Nikaenda kula, nikalala. Saa sita nikaamshwa na kishindo: anapara sakafu kwa kwato, anageuza shingo kutazama ubavu, analala, anaamka, analala tena. Jasho linamtiririka na nje kuna umande wa kuganda. Mavi ya mchana kutwa yalikuwa vidonge vitatu vinne, vigumu kama kokoto. Niliweka sikio ubavuni, pale ulipokuwa ukinionyesha. Tumbo la farasi mzima halikosi kunguruma. Upande wa kulia kimya kabisa. Nikahesabu mapigo ya moyo chini ya taya, yakafika 60 kwa dakika, na farasi aliyetulia hayazidi 44.

Pampu ya kisima ilikuwa imeharibika siku tatu, tukawa tunawagawia maji kwa ndoo. Farasi mkubwa anataka lita 25 kwenda juu kwa siku. Yeye alipata labda 15, na kwa ubaridi wake hata hayo aliyaacha. Wiki hiyohiyo tukabadilisha nyasi, zikaja zile kavu za vijiti. Chakula kikakaukia ndani, kikaziba njia.

Mzee wa ng'ombe akatokea na chupa ya soda imejaa mafuta ya kupikia, tummiminie mdomoni kama ndama. Nikamshika mkono. Mafuta yakipotea njia yakaingia mapafuni, umemwua. Tena farasi hawezi kutapika, unajua. Kilichoingia lazima kipite njia nzima, la sivyo tumbo linaweza kupasuka. Punda naye ni hivyohivyo. Mzee akataka pia tumchome ile dawa ya maumivu iliyobaki kabatini. Nikakataa mpaka nimpate daktari, maana maumivu yakinyamazishwa, daktari atajuaje ugonjwa umefika wapi?

Daktari wa mifugo alishika simu mara ya tatu, akafika saa tisa. Mpaka hapo nilikuwa nimeondoa chakula chote na kumtembeza polepole kila alipotaka kugaagaa. Alipolala kwa utulivu nilimwacha apumzike. Daktari akavaa glavu ndefu, akampima kwa nyuma, akasema kuna donge ila utumbo haujajisokota. Akapitisha mpira puani hadi tumboni, akaangalia kwanza kama kuna maji yanayorudi, kisha akamimina mafuta ya parafini (yale ya duka la dawa, si ya taa!) na maji yenye chumvi ya Epsom. Jumatano saa kumi jioni Nyota akatoa mavi laini, yanang'aa mafuta. Nilisimama na koleo mkononi nikalia, Ouma.

Lakini zile saa nne. Toka saa mbili hadi saa sita nilikuwa nimelala. Utumbo ungekuwa umejisokota, zingetosha kummaliza.

Ndiyo maana Jabari ananinyima usingizi. Farasi akiumwa anajitupa chini, kila mtu anaona. Punda huvumilia. Atasimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea, nanyi mseme amechoka na mitungi ya maji. Ukimwona punda anagaagaa kwa maumivu, mambo yameshaharibika. Na siku mbili bila kula kwake si mchezo: mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu, ini likaharibika, hata kama tumbo limeshapona. Halafu huko kwenu Nyalenda kuna zile takataka kando ya barabara. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini kamba, magunia na makaratasi ya nailoni bado yapo, na punda mwenye njaa atavila. Plastiki haiyeyuki tumboni. Inakaa, inakusanyika.

Akisusa tena, hata mlo mmoja, piga simu usiku huohuo. Nitakutumia pesa ya daktari, tutahesabiana baadaye. Nakuomba.

Sasa niambie. Mchana unamfunga wapi, karibu na jalala? Kwa joto la Kisumu anakunywa ndoo ngapi, na anakunywa akiwa kazini au mpaka jioni? Meno yake yaliangaliwa lini? Dawa ya minyoo? Ile siku ya pili aliposusa, mavi yalikuwepo? Na huyo daktari wa upande wenu, namba yake unayo au unaitegemea kwa jirani? Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa mstari mmoja.

Nyota anakusalimu. Leo amemaliza pumba zote na kupiga teke ndoo.

Wako,
Kiprono