Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Daladala za Tanga Miaka 20 Ijayo

Ndugu wanachama,

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga. Ya 2022 ikahesabu 393,429. Kasi hiyo ikiendelea, kufikia 2042 tutapita 800,000. Kwa hiyo mwaka huu kamati imeshughulika zaidi na suala moja: kutenga nafasi ya usafiri wa umma kabla haijajengwa.

Hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa, kisheria ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Tatizo ni kwamba leo hujengwa kibanda, kesho fremu za maduka, na ikifika siku ya kupanua, fidia na kesi hula miaka. Dar es Salaam Wakala wa DART, wa mabasi yaendayo haraka, ulianzishwa 2007, mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Tanga haihitaji mradi wa ukubwa ule. Inahitaji upana kwenye makutano na vituoni, maana huko ndiko daladala hukwama. Naamini hili ndilo dai letu kubwa kuliko yote, na ndilo la bei nafuu zaidi likifanyika sasa.

Kuhusu idadi ya magari, naomba tuielewe hesabu yenyewe ili tusidanganyane kwenye vikao. Chukua njia ya kilomita 12. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, kwenda ni dakika 40 na kurudi 40. Ongeza dakika 10 za kupumzika kila mwisho, mzunguko ni dakika 100. Ikiwa abiria 600 kwa saa wanapita sehemu yenye msongamano mkubwa, Coaster za viti 25 zitatakiwa 24 kwa saa, yaani kwa mzunguko wa dakika 100, magari 40 barabarani. Kwa Hiace za viti 15 yatatakiwa 67. Hapo hatujaweka gari la akiba, na asilimia 10 ni lazima, kwa sababu kila siku kuna lililoko gereji.

Hesabu hii huharibika mapema sana, kwenye kuhesabu abiria. Wahesabuji hukaa stendi, kumbe gari hujaa vituo vitatu mbele. Wengine huhesabu shule zikiwa zimefungwa. Simama kituo chenye msongamano, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, andika kila robo saa: gari lipi, limebeba wangapi, wamebaki wangapi. Hao waliobaki ndio wanaosahaulika, na ndio wanaoishia kwenye bodaboda na bajaji.

Kisha kuna desturi ya kujaza kwanza ndipo gari liondoke. Tusimlaumu dereva peke yake. Anadaiwa hesabu ya tajiri, yaani fedha ya mwenye gari, kila jioni, mafuta ni juu yake, na safari tupu ni hasara yake. Ndiyo maana pia hukatisha ruti. Pendekezo letu ni wamiliki wa njia moja waunde ushirika, mapato yaingie mfuko mmoja na kugawanywa kwa idadi ya safari zilizokamilika. Bila hivyo, ratiba yoyote itabaki karatasi.

Vituo: tumependekeza viwekwe baada ya makutano, si kabla, na kivuko cha waenda kwa miguu kiwe nyuma ya gari, ili anayevuka aonekane. Coaster ina urefu wa takriban mita 7. Nafasi ya magari mawili haiwezi kupungua mita 20, bila kuhesabu sehemu ya kuingilia na kutokea. Pale penye mtaro wazi kati ya kituo na njia ya miguu, slabu ya zege ni ya lazima. Mvua za masika zikijaza mtaro, mama mwenye mtoto mgongoni analazimika kushukia barabarani kabisa.

Mji wetu ni tambarare na baiskeli ni nyingi. Vyuma vya kufungia baiskeli kwenye vituo vya pembezoni, kama Pongwe na Kange, vitamfikisha mtu kwenye daladala bila nauli ya pili.

Fomu za kuhesabu abiria ziko kwa katibu. Kila tawi lichukue kituo kimoja, watu wawili wawili, shule zikishafunguliwa, na tuepuke Jumatatu na Ijumaa.