Asante, dada uliyeniambia nisijilazimishe kuongea

Dada yangu, jina lako sikuliuliza, ndivyo nilivyo. Siku ile ya mafunzo ya urembo wenzangu walikuwa wakijinadi, mimi nimejibanza nyuma ya begi la vipodozi. Ukaja ukakaa mbele yangu: "Nipambe, soga si lazima." Nikajaribu rangi za faundesheni kwenye taya lako, karibu na dirisha, wala si mkononi. Ukasema umakini huo ndio mteja anaoulipia. Kumbe!

Siku hizi namuuliza mteja ngozi yake ikoje na anataka aonekane vipi, kisha nafanya kazi kimya. Bei naitaja bila kuangalia chini (jasho bado lanitoka kidogo). Wengi wanarudi, wengine wakimya kunizidi. Ukipita hapa nitafute, nikupambe bure.