Barua ya Mkuu wa Shule kwa Wazazi wa Kidato cha Tatu

Shule ya Sekondari,
Manispaa ya Kigoma Ujiji.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: MAZOEZI YA MANTIKI KATIKA VIPINDI VYA MDAHALO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pamoja na ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi unayoipokea leo, napenda kukueleza juu ya mazoezi ya mantiki tuliyoyaanzisha muhula huu, kwa kuwa baadhi yenu mmefika ofisini na daftari mkononi mkitaka kujua ilikuwaje mwalimu akaweka alama ya vema kwenye jibu ambalo kila mtu anajua kuwa si kweli.

Zoezi lenyewe lilisema: miji yote yenye stesheni ya reli iko kando ya ziwa; Tabora ni mji wenye stesheni ya reli; kwa hiyo Tabora iko kando ya ziwa. Mwanafunzi hakuulizwa Tabora iko wapi. Aliulizwa kama hitimisho linafuata kutokana na kauli mbili zilizotangulia, na kwa hakika linafuata, kwani anayezikubali zote mbili hana njia ya kulikataa. Kosa limo katika kauli ya kwanza, na kulibaini ni kazi ya Jiografia. Kuupima mpangilio wa hoja peke yake, mbali na ukweli wa kauli zake, ni jambo lililowekewa kanuni na Aristotle, Mgiriki aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 KK, na kwa maoni yangu linatutatiza zaidi sisi watu wazima, tuliozoea kuikubali hoja kwa sababu tu tumependa inapoishia.

Zoezi la pili liliwashinda wengi: umeme ukikatika, mashine ya kusaga husimama, mashine imesimama, basi umeme umekatika. Karibu darasa zima liliafiki, hadi mwanafunzi mmoja, ambaye kwao wana mashine, alipouliza kama mkanda nao haukatiki; yaani mashine yaweza kusimama kwa sababu nyingine, hivyo hitimisho halifuati.

Watakaosoma Hisabati ya Juu kidato cha tano watayakuta haya tena, pamoja na majedwali ya ukweli, yanayoonyesha ni lini kauli iliyoundwa kwa kauli nyingine huwa kweli na lini si kweli.

Nimepokea pia malalamiko kwamba vijana wameanza kuwahoji wakubwa nyumbani. Tumewaeleza kwamba kuonyesha kasoro ya hoja si ruhusa ya kumvunjia heshima aliyeitoa, na atakayekosa adabu aonywe kama kawaida. Lakini akiuliza kwa upole jambo fulani limetokana na nini, naomba ajibiwe.

Kwa likizo hii, kila mwanafunzi ataandika hoja tatu alizozisikia redioni, sokoni au nyumbani, atenganishe kauli na hitimisho, kisha aeleze kama hitimisho linafuata au halifuati. Tafadhali usimfanyie kazi hiyo. Tarehe ya kufungua shule na orodha ya mahitaji vipo nyuma ya ripoti.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkuu wa Shule