Msitu wa mvua si wa Amazon tu

Mhariri,

Misitu ya mvua ikitajwa, watu hufikiria Amazon, bonde la Kongo au Indonesia. Kweli, mikubwa iko huko. Lakini ukipanda basi la Mbeya kwenda Kyela, ule weusi uliofunikwa na ukungu mkono wa kushoto kabla ya Tukuyu ni msitu wa mvua: Mlima Rungwe. Mwingine uko kwenye milima ya Livingstone, ndani ya Hifadhi ya Kitulo, na mwingine milima ya Udzungwa, upande wa Kilolo na Mufindi. Baridi yake ndiyo inayotupoteza, tukidhani msitu wa mvua lazima uwe wa joto.

Miteremko ya kusini ya Rungwe hupata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka. Iringa mjini haifiki 800. Katika msitu wa Rungwe anaishi kima aitwaye kipunji, ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 2003 tu, ilhali Wanyakyusa walikuwa na jina lake siku nyingi. Ukiondoa Rungwe, Kitulo na Udzungwa, hapatikani kwingine duniani.

Kazi kubwa ya msitu huu iko chini ya miguu. Fukua kwa kiganja: kwanza majani makavu, kisha majani yaliyooza, kisha mizizi membamba iliyosukana kama mkeka, ndipo udongo mweusi. Tone la mvua huanguka jani kwa jani, likanywewa na kuvumwani inayoota juu ya miti, likafika ardhini halina nguvu ya kuchimba. Maji huzama, yakatoka polepole Septemba na Oktoba, wakati mawinguni hakuna kitu. Maji yanayotoka Udzungwa ndiyo pia yanayozungusha mitambo ya umeme ya Kihansi, megawati 180.

Sasa tunakata mivengi, miti ya asili ya penye maji, kwenye chemchemi, tunapanda mikaratusi, halafu tunashangaa kisima kukauka. Sina ugomvi na mkaratusi. Nguzo za umeme zinatoka huko. Kosa ni mahali. Unakua haraka, kwa hiyo unakunywa haraka, na chini yake hakuoti mengi. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, navyo vimesogezwa hadi mdomoni mwa chemchemi, wakati Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe.

Anayetaka kurekebisha asikate mikaratusi yote kwa mpigo, hasa kwenye mteremko, udongo utaporomoka. Akate kwa awamu, na chipukizi za visiki azikate kila miezi miwili au mitatu hadi visiki vichoke. Katikati apande mivengi na mikuyu, mita 3 hadi 4 kati ya mche na mche, mvua za Desemba zikishakolea. Miche mingi haifi kwa kukosa maji. Inafunikwa na nyasi mwaka wa kwanza, inaliwa na ng'ombe, au inaunguzwa na moto wa kusafisha mashamba. Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche, na njia ya moto ilimwe Juni, kabla nyasi hazijakauka.

Ombi langu ni kwa halmashauri zinazogawa miche. Misindano inapendwa kwa sababu mbegu zake hukaa stoo. Mbegu za mivengi zikikauka zinakufa. Lazima ziokotwe zikiwa mbivu, zioshwe nyama yake na kusiwa kitaluni siku chache baadaye. Basi vitalu viwekwe vijijini, karibu na msitu wenyewe, si makao makuu ya wilaya.

Mdau wa misitu,
Tukuyu, Mbeya